Shelly-Ann Fraser-Pryce alidumuje miaka 17? Jibu kwa mama wa binti anayekimbia

Swali: "Nina binti wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 100 na 200. Mwaka jana alichaguliwa timu ya mkoa ya UMISSETA. Mwaka huu muda wake hausogei kabisa na amekuwa mtu wa kulia. Mwalimu wake wa michezo anasema mbio fupi ni za wasichana wadogo, akifika miaka 22 atakuwa amekwisha, kwa hiyo afanye mazoezi asubuhi na jioni kila siku wakati damu bado inachemka, na masomo yasubiri kidogo. Shangazi yake anaongeza kwamba akishazaa ndiyo kwaheri. Lakini nimesoma kwamba Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika ameacha kukimbia mwaka 2025 akiwa na miaka 38, na mtoto anaye. Alifanyaje? Au yule ni wa peke yake, sisi wengine tusijidanganye?" Mama wa mkimbiaji, Morogoro.

Jibu:

Dada yangu, nianze na shangazi, maana jibu lake ni fupi. Mwaka 1948 pale London, Mholanzi Fanny Blankers-Koen, mwenye miaka 30 na watoto wawili nyumbani, alitwaa dhahabu nne za Olimpiki: mita 100, mita 200, mita 80 kuruka viunzi na kupokezana vijiti. Mwaka 1960 pale Roma, Wilma Rudolph wa Marekani alitwaa tatu, na binti yake alikuwa amezaliwa mwaka 1958. Kwa hiyo hoja ya shangazi ilijibiwa zamani, pengine kabla hajazaliwa yeye mwenyewe. Kinachowaondoa wengi uwanjani baada ya kujifungua ni kukosa wa kumshika mtoto, kukosa pesa na kukosa kocha mwenye subira. Nitalirudia hilo.

Mwalimu ndiye anayenipa kazi, kwa sababu kuna ukweli ndani ya maneno yake. Wasichana wengi wa mbio fupi kweli hupotea kabla ya miaka 22. Tunachotofautiana ni sababu. Yeye anaona mwili umechakaa wenyewe. Mimi nikitazama wanavyofundishwa naona wamechakazwa. Na maisha ya huyo uliyemtaja yanaonyesha hilo vizuri, mradi tuyasome tangu mwanzo, tusirukie picha za mwisho za nywele za rangi na mtoto mikononi.

Shelly-Ann alizaliwa tarehe 27 Desemba 1986 jijini Kingston, akakulia Waterhouse, uswahilini hasa, mtaa ambao Wajamaika wenyewe wakiusikia huwaza bunduki. Mama yake alikuwa mmachinga, na enzi zake naye alikuwa na mbio. Mama na watoto walilala kitanda kimoja. Sekondari alisoma Wolmer's, shule ya wasichana yenye jina kubwa, na gharama zake za shule, vitabu na sare zikabebwa na mwanamke mmoja aliyewahi kusoma hapo hapo. Hapo naomba utulie kidogo: kabla ya kocha maarufu na kabla ya viatu vya maana, kulikuwa na mtu wa kuhakikisha mtoto anabaki darasani.

Jamaika wana mashindano ya shule za sekondari wanayoyaita Champs, yaliyoanza mwaka 1910 kwa wavulana. UMISSETA unaijua. Sasa ifikirie ikijaza uwanja wa taifa, ikionyeshwa kwenye televisheni, na wazee wenye mvi wakibishana kuhusu shule waliyomaliza miaka 40 iliyopita. Humo Shelly-Ann alikuwa mzuri, basi. Hakuwa yule mtoto ambaye nchi nzima inamngoja. Mwaka 2007, akiwa na miaka 20, alimaliza wa tano katika mita 100 za mashindano ya taifa kwa sekunde 11.31, akapelekwa Osaka kwenye Mashindano ya Dunia kama mkimbiaji wa akiba wa vijiti. Alikimbia mchujo, fainali wakakimbia wengine, timu ikapata fedha naye akavishwa medali yake.

Miaka 20, sekunde 11.31, mtu wa akiba. Kwa kalenda ya mwalimu wenu alikuwa amebakiza miaka miwili.

Wakati huo tayari alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Jamaika, akifanya mazoezi na klabu ya MVP chini ya Stephen Francis. Kuhusu klabu hii inabidi niseme zaidi, kwa sababu bila yenyewe hadithi haieleweki. Kwa miaka mingi kijana wa Kijamaika mwenye kasi alikuwa na njia moja: kupata nafasi ya masomo Marekani na kwenda kukimbilia chuo cha huko. Nafasi nzuri, lakini ina bei yake. Vyuo vya Marekani vinataka pointi. Mwanafunzi anakimbia ndani ya ukumbi majira ya baridi, anakimbia nje majira ya kuchipua, mita 100, mita 200, vijiti, wikiendi baada ya wikiendi, na ikifika Agosti, mwezi wa mashindano makubwa, miguu imeshakwisha. Mwaka 1999 Francis na wenzake wakaanzisha klabu ya kuwabakiza vijana nyumbani, wakitumia uwanja wa nyasi wa chuo. Ndiyo, nyasi. Na Francis hakukimbilia mabingwa wa Champs tu. Asafa Powell, aliyekuja kuvunja rekodi ya dunia ya wanaume, hakutoka shule akiwa nyota. Kocha huyo alitafuta watu ambao miili yao bado haijamaliza kukua, halafu akawapa miaka.

Sasa tazama matokeo. Juni 2008, kwenye mchujo wa taifa wa kwenda Beijing, Shelly-Ann alimaliza ndani ya watatu wa kwanza. Veronica Campbell-Brown, bingwa wa dunia wa 2007, akawa wa nne. Maneno yakaanza: huyu asiyejulikana ampishe bingwa. Hakupisha. Tarehe 17 Agosti akashinda Olimpiki kwa sekunde 10.78, na nyuma yake Sherone Simpson na Kerron Stewart, Wajamaika wenzake, wakafungana kwa 10.98, wakapewa fedha wote wawili na shaba ikakosa mwenyewe. Sehemu 20 za mia za sekunde kwa kasi ile ni kama mita mbili za uwanja. Hakuna mwanamke wa visiwa vya Karibi aliyewahi kushinda mita 100 za Olimpiki kabla yake, na Mjamaika mwenzake wa zamani, Merlene Ottey, alijaribu kwa miaka mingi kweli.

Mtu akishuka nusu sekunde kwa mwaka mmoja, minong'ono haikosi, na mbio fupi zina historia inayowapa watu haki ya kunong'ona. Kwa hiyo tusikwepe la mwaka 2010. Baada ya mashindano ya Shanghai alipimwa akakutwa na oxycodone, dawa kali ya maumivu. Alieleza kwamba ilikuwa dawa ya kocha wake, naye aliimeza kwa ajili ya jino. Haihesabiwi kuwa dawa ya kuongeza kasi, lakini imo kwenye orodha ya marufuku, na akafungiwa miezi sita. Hapa jirani, Ferdinand Omanyala wa Kenya alifungiwa miezi 14 kwa dawa aliyopewa kutibu mgongo, miaka kadhaa kabla ya kukimbia 9.77 pale Nairobi mwaka 2021. Nakwambia haya kwa sababu kwenye kambi za shule vidonge vya maumivu hupeanwa kama peremende. Binti yako asimeze kitu alichopewa na mtu ambaye si daktari, hata mtu huyo akiwa mwalimu wake.

Turudi kwenye mbio zenyewe, maana hapa ndipo kuna mafunzo matamu. Shelly-Ann ana urefu wa mita 1.52. Kwa mita 100 huo ni ufupi. Mkimbiaji mrefu anachukua hatua chache ndefu, mfupi hana budi kuzungusha miguu haraka zaidi. Faida yake iko mwanzoni: mwili mfupi wenye nguvu unatoka chini mapema, na kwa miaka mingi ukitazama fainali zake unaona amewaacha wenzake kufikia mita 30, kana kwamba yeye aliusikia mlio kabla yao. Hakuusikia kabla, kwani mtu akiitikia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde anahesabiwa kuwa ameanza kabla ya wakati. Siri ilikuwa hatua zake za kwanza sita au saba: kifua kimelala mbele, mguu unasukuma ardhi nyuma, hakuna haraka ya kusimama wima.

Tatizo la mkimbiaji wa namna hiyo liko mwishoni. Katika mita 100 hakuna binadamu anayeongeza kasi hadi utepe. Wanawake wa kiwango cha juu hufikia kilele mahali fulani kati ya mita 50 na 60, wanakishikilia kidogo, halafu wote wanapungua. Yule unayemwona "anachomoka" mita 20 za mwisho kwa kweli anapungua polepole kuliko wenzake. Berlin mwaka 2009 Shelly-Ann alitwaa ubingwa wa dunia kwa 10.73 huku Stewart akija kwa nguvu na kumaliza 10.75. Daegu mwaka 2011, mwaka wake wa kwanza baada ya kufungiwa, wakampita: Carmelita Jeter wa Marekani 10.90, Campbell-Brown 10.97, Kelly-Ann Baptiste wa Trinidad 10.98, yeye 10.99. Sehemu moja ya mia ikamnyima medali. Magazeti yalianza kumweka kwenye orodha ya waliokuwa.

Akaanza kuzichukulia mita 200 kwa uzito. Mimi huo nauona kuwa uamuzi mkubwa kuliko yote katika nusu ya kwanza ya kazi yake, ingawa hausimuliwi sana kwa kuwa hauna machozi. Mita 200 zinamlazimisha mtu kubeba kasi akiwa amechoka, na faida yake inarudi kwenye mita 30 za mwisho za mita 100. London mwaka 2012 alitetea taji lake la Olimpiki kwa 10.75 dhidi ya 10.78 ya Jeter, yule yule aliyempiga Daegu, na katika mita 200 akapata fedha nyuma ya Allyson Felix wa Marekani. Mwaka uliofuata, Moscow, akatwaa vyote vitatu: mita 100 kwa 10.71, mita 200 kwa 22.17, na vijiti. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye Mashindano ya Dunia. Mwaka huo wa London, 2012, ndio aliohitimu shahada yake ya makuzi ya watoto na vijana. Mwambie mwalimu wa "masomo yasubiri."

Kwenye Mashindano ya Dunia ya Beijing 2015 akashinda tena mita 100 kwa 10.76. Halafu likaja kidole cha mguu. Ukiwa nje unaweza kucheka: kidole? Lakini kidole gumba ndicho cha mwisho kugusa ardhi katika kila hatua, na mkimbiaji wa mita 100 asiyeweza kukikunja bila maumivu hana pa kusukumia. Rio mwaka 2016 alikimbia na maumivu hayo akapata shaba kwa 10.86. Aliyeshinda, kwa 10.71, ni Elaine Thompson, waliyekuwa wakifanya naye mazoezi klabu moja. Alikuwa na miaka 29, na aliyemrithi alikuwa akimwona kila asubuhi.

Mwaka 2017 akapanga kutetea ubingwa wa dunia, akagundua ni mjamzito. Amesimulia mwenyewe kwamba siku hiyo alikaa kitandani akalia. Wengi husimulia uzazi wake kama sherehe tupu, na hilo linawadanganya wasichana. Hofu ilikuwepo. Fainali ya mita 100 ya mashindano hayo, London, ilikimbiwa tarehe 6 Agosti, na mwanawe Zyon akazaliwa tarehe 7, kwa upasuaji. Tumbo lilikuwa limepasuliwa, na misuli yake ndiyo inayoshika nyonga isiyumbe mtu anapokimbia. Alirudi mdogo mdogo. Mwaka 2018 aligusa chini ya sekunde 11, hakuwa tishio kwa mtu. Mwaka 2019, kwenye Mashindano ya Dunia pale Doha, akiwa na miaka 32, akashinda fainali ya mita 100 kwa 10.71 na kumpokea mwanawe uwanjani kuzunguka naye.

Itazame hiyo namba, dada. 10.71 Moscow mwaka 2013, 10.71 Doha mwaka 2019. Kati ya hizo mbili kuna kidole kilichoharibika, mimba na kisu cha daktari, na saa imetoa jibu lile lile.

Na hakuishia hapo. Mwishoni mwa 2020 alimwacha Francis, kocha wa zaidi ya miaka kumi, akaenda kwa Reynaldo Walcott. Nilipolisikia hilo nilidhani ni mwanamke wa miaka 34 anayetafuta pa kumalizia. Juni 2021 alikimbia 10.63 Kingston, Agosti akakimbia 10.60 Lausanne, muda wake bora kuliko wote aliowahi kukimbia, na mita 200 akazishusha hadi 21.79. Katikati, kwenye Olimpiki ya Tokyo, alipata fedha kwa 10.74 nyuma ya Elaine Thompson-Herah, yule yule Thompson wa Rio, aliyekimbia 10.61, na dhahabu ya vijiti. Hapa lazima niwe mkweli kuhusu viatu. Kuanzia wakati huo viatu vya misumari vilibadilika: sahani ngumu ndani, povu jepesi linalorudisha nguvu. Karibu kila mtu alipata sehemu za mia kadhaa. Hivyo 10.60 ya 2021 usiilinganishe moja kwa moja na 10.70 ya 2012. Lakini wapinzani wake walivaa viatu hivyo hivyo, na mwaka 2022 pale Eugene akawashinda kwa 10.67, taji lake la tano la dunia la mita 100, idadi ambayo hakuna mwingine, mwanamume au mwanamke, amewahi kuifikia. Mwaka huo peke yake alikimbia chini ya 10.70 mara saba. Alikuwa na miaka 35.

Miaka ya mwisho naipitia haraka kwa kuwa haihitaji mapambo. Budapest 2023 shaba, nyuma ya Sha'Carri Richardson na Shericka Jackson. Paris 2024 alikimbia mchujo, akajitoa kabla ya nusu fainali. Kwenye Mashindano ya Dunia ya Tokyo 2025 alimaliza wa sita kwa 11.03, akaanzisha vijiti, Jamaika ikapata fedha kwa tofauti ndogo sana na Marekani, akaondoka. Jumla ni medali 8 za Olimpiki, 3 za dhahabu, na medali 17 za dunia, 10 za dhahabu.

Sasa binti yako. Umeuliza kama Shelly-Ann ni wa peke yake. Kwa kipaji, ndiyo, na usimpe mtoto mzigo huo. Kwa umbo la kazi yake, hapana. Alichelewa kuiva, akapewa muda, na kila alipoanguka hakuna aliyemrudisha uwanjani kwa fimbo. Mambo hayo hayahitaji kuzaliwa Jamaika.

Kwanza hebu tuhakikishe kama muda wake kweli umeganda. Shuleni wanapima kwa saa ya mkono. Kidole cha mwalimu huchelewa kubonyeza mlio unapotoka na huwahi mtu anapofika, ndiyo maana saa ya mkono humpa mkimbiaji muda mzuri kuliko anaostahili. Wataalamu huongeza sekunde 0.24 ili kuulinganisha na muda wa mtambo. Ikiwa mwaka jana alipimwa kwa mkono, upepo ukiwa mgongoni, na mwaka huu amepimwa kwa mtambo au kwenye nyasi ndefu baada ya mvua, anaweza kuwa ameongeza kasi huku karatasi ikisema ameganda. Upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde muda hauhesabiwi kwenye rekodi yoyote, na kwenye viwanja vyetu vya shule ni nadra kukuta kipima upepo.

Tuseme ameganda kweli. Ana miaka 16. Kati ya miaka 14 na 18 nyonga za msichana hupanuka, uzito unaongezeka, na nguvu za misuli zinachelewa kuufuata uzito huo. Mvulana wa umri huo anapata nguvu bila kuziomba. Msichana anatakiwa azijenge. Wengi husimama hapo mwaka mmoja, hata miwili, wakiendelea kufanya kila kitu sawasawa. Kinachofuata mara nyingi ni kosa lile lile: mtoto anaambiwa mvivu, anaambiwa amenenepa, anaanza kuruka milo. Hilo la chakula litazame kwa jicho kali. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, usifurahie kwamba mwanamichezo hasumbuliwi na hedhi, mpeleke hospitali. Ni dalili kwamba mwili hauna akiba, na mifupa yake huanza kudhurika kimyakimya. Hospitali hiyo hiyo mpime wingi wa damu. Msichana anayepata hedhi na kula ugali na mboga kidogo anaweza kukimbia na upungufu wa damu msimu mzima na watu wakasema moyo wake umelegea.

Kuhusu asubuhi na jioni kila siku, hapana. Kasi ni kazi ya mishipa ya fahamu kabla ya kuwa kazi ya mapafu, na mishipa hiyo ikichoka inajifunza kukimbia polepole. Mbio za kasi kamili azifanye siku mbili au tatu kwa wiki, ziachane kwa saa 48. Katika siku hizo, kila baada ya mbio apumzike takriban dakika moja kwa kila mita 10 alizokimbia: akikimbia mita 60, dakika sita. Mwalimu ataona mtoto amekaa muda mrefu kuliko anavyokimbia na atakasirika. Ndivyo inavyotakiwa. Siku nyingine ni za nguvu: kuchuchumaa, kuruka, kupanda kilima kifupi, mazoezi ya tumbo na mgongo, na siku moja ya kulala. Raundi za uwanja asubuhi kabla ya darasa zinamfundisha kuvumilia, na mita 100 hazimpi nafasi ya kuutumia uvumilivu huo.

Mashindano pia yahesabiwe. Najua shule ikiwa na msichana mmoja mwenye mbio, atawekwa mita 100, 200, 400, vijiti vyote viwili na kuruka chini, siku moja, kwa sababu pointi zinatafutwa. Hayo ndiyo yale ya vyuo vya Marekani niliyokwambia, tena bila daktari wa kukanda misuli. Mbili na vijiti zinatosha, na una haki kama mzazi kwenda kulisema hilo kwa heshima ofisini.

Kwa upande wa shangazi nilibakiza jambo la pesa. Mwaka 2019 Allyson Felix alieleza hadharani kwamba Nike, waliokuwa wakimdhamini, walitaka kumlipa asilimia 70 pungufu, na hawakukubali kumwekea kinga kwenye mkataba iwapo kasi ingepungua baada ya kujifungua. Kelele zilipokuwa kubwa, kampuni ilibadilisha mikataba yake mwaka huo huo. Felix ndiye mwenye medali 11 za Olimpiki. Ikiwa yeye alihitaji kupigana, ujue kwamba wengi walioacha baada ya mtoto waliachishwa na karatasi. Binti yako akija kufika huko, shahada mkononi itamsaidia kusoma mkataba kabla ya kuusaini, nayo ni sababu nyingine ya kubaki darasani.

Usimwambie atakuwa Shelly-Ann. Mwambie kwamba Shelly-Ann akiwa na miaka 20 alikuwa mkimbiaji wa akiba. Na ukiniandikia tena, nitumie muda wake wa mita 30 akianzia kwenye vibao vya kuanzia mbio, muda wa mita 60 na wa mita 150, vyote vipimwe siku tofauti akiwa amepumzika, kwa saa ile ile na mtu yule yule. Nikivipata hivyo nitaweza kukwambia kama kinachomchelewesha ni mwanzo, katikati au mwisho.